Barua inayoanza kuandikwa mwaka wa pili

Hapa Maryland wazazi wetu wahamiaji wanajua njia moja tu ya mtoto anayependa biolojia: asome miaka minne, aingie chuo cha udaktari, akope, atoke na koti jeupe. Akikosa nafasi ya udaktari, wanaona masomo yamekwenda bure. Mimi kazi yangu ni ya maabara, na kila nikikaa na wazazi hawa harusini au baada ya sala ya Ijumaa najikuta narudia habari ileile. Kuna shahada ya uzamivu ya sayansi ya tiba, ya watu wanaochunguza maradhi yenyewe, seli, virusi, jeni na dawa, na hapa Marekani anayeisoma kwa kawaida halipi ada. Ada inalipwa na chuo au na fedha za utafiti, anapewa bima ya afya, na juu yake posho ya kuishi, ambayo kwenye vyuo vikubwa siku hizi huwa kama dola 35,000 hadi 45,000 kwa mwaka. Hahitaji kuwa na shahada ya uzamili kwanza. Anaweza kumaliza shahada ya kwanza mwezi wa tano na kuanza uzamivu mwezi wa nane mwaka huohuo.

Wakishaamini, wananiuliza swali ambalo ni haki yao kuuliza: kama ni hivyo, mbona watoto wetu hawamo? Na si sisi tuliohamia peke yetu. Wamarekani Weusi ambao mababu zao wako hapa tangu enzi za utumwa, Walatino, wenyeji wa asili wa nchi hii, vijana ambao kwao hakuna aliyewahi kuvuka sekondari, wote ni wachache kwenye maabara hizi kuliko walivyo mitaani. Nimekaa benchi moja na wanafunzi wa namna hii kwa muda wa kutosha kusema bila kusita kwamba akili wanayo. Wanachokosa ni miaka miwili au mitatu ya kukaa karibu na mtu anayeifanya kazi hii, awafundishe, awaone wakifanya, na mwisho awaandikie barua.

Niieleze hiyo barua, maana wengi hawajui uzito wake. Programu nyingi hufunga maombi mwanzoni mwa Desemba. Mwombaji anapeleka alama zake, insha kuhusu utafiti aliowahi kufanya, na barua tatu za mapendekezo. Mtihani wa GRE, wa kuombea masomo ya baada ya shahada ya kwanza, uliowakwamisha wengi, programu nyingi za sayansi ya tiba zimeshauacha, na nashukuru kwa hilo, lakini uzito uliokuwa juu ya mtihani umehamia kwenye insha na barua. Profesa aliyekufundisha ukumbini pamoja na wenzako mia mbili ataandika kwamba ulipata A, ulihudhuria na una nidhamu. Barua hiyo haina ubaya wowote, na haikusaidii chochote. Aliyekaa nawe maabara ataandika kwamba jaribio lilipogoma na kila mtu akailaumu mashine, wewe ulirudi kwenye daftari, ukaona kingamwili ilitoka kwenye chupa mpya, ukaijaribu pamoja na ya chupa ya zamani, ukaleta jibu kwenye kikao cha wiki. Kamati ikisoma hayo inamwona mtafiti. Wala hakuna anayeweza kuyaandika Novemba ya mwaka wa nne kuhusu mwanafunzi aliyemfahamu Septemba. Barua hiyo inaanza kuandikwa mwaka wa pili, siku mwanafunzi anapokabidhiwa kwa mara ya kwanza pipeti, kile kifaa cha mkononi cha kuvuta na kupima kimiminika kidogo sana.

Anayeiona pipeti kwa mbali huidharau. Unavuta maikrolita 2 za kimiminika kisicho na rangi, kiasi kisichofikia hata tone, unazitia kwenye kijichupa ambacho tayari kina kimiminika kingine kisicho na rangi. Jicho halikuambii kama umetia au hujatia. Ukiwa na vijichupa 24 mbele yako na mtu akakuita, ukirudi hujui kama ulikuwa umefika wa 11 au wa 12. Nilimfundisha binti mmoja aliyezaliwa Bukavu, familia yake ikapitia kambi ya wakimbizi Burundi kabla ya kuletwa Baltimore. Siku moja aligeuka hivyo, akarudi, akasimama pale ameishika pipeti juu juu. Hakuniita. Alichukua kalamu akaandika kwenye daftari la maabara, kwa wino, kwamba hana hakika na kijichupa namba 12, kisha akavitupa vyote na kuanza upya, ingawa ilikuwa jioni na basi lake lilikuwa karibu kupita.

Nilipokuja kumwandikia barua, sentensi yangu ya kwanza ilihusu ile sentensi yake ya wino. Kuna wanafunzi wenye alama kumzidi ambao wangeendelea tu, matokeo yakatoka ya ajabu, na sisi tukapoteza mwezi mzima kutafuta kosa lilikojificha.

Lakini binti huyo nusura asiwepo kabisa kwenye benchi lile. Maabara nyingi huwapokea wanafunzi kama watu wa kujitolea, saa kumi au zaidi kwa wiki bila malipo, na wakubwa wa maabara huona wamefanya hisani. Kwa kijana ambaye baba yake anamlipia chumba na chakula, ni hisani kweli. Yeye alikuwa anafanya kazi dukani usiku, na mshahara wake ulikuwa unalipa umeme wa nyumbani na sehemu ya kodi ya nyumba. Mama yake alinipigia simu, akaniamkia, akaniuliza habari za watu wa kwangu mmoja mmoja, ndipo akasema lililomleta: “Ndugu yangu, hiyo kazi ya ku maabara, wanamulipa?” Nikamwambia, “Ndiyo, Mama, analipwa, na ni zaidi ya pale dukani.” Bila jibu hilo mazungumzo yangeishia hapo, na yule mama asingekuwa na kosa lolote.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kijana mwenye moyo wa sayansi atapata njia tu. Moyo haulipi umeme. Kuanzia miaka ya 1970 taasisi za taifa za afya za hapa, NIH, ziligharimia programu iitwayo MARC, ambayo iliwachukua wanafunzi wa miaka ya mwisho ya shahada ya kwanza, ikawapa posho ya kila mwezi na mchango wa ada, ikawapeleka kwenye mikutano ya kisayansi wakasimame mbele ya bango la utafiti wao na kuulizwa maswali na watu wasiowajua. Masharti yake yalikuwa wazi: uwe raia au mkaazi wa kudumu. Familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo zilizoletwa hapa kihalali watoto wao walistahili, na hakuna aliyewaambia.

Mtu anaweza kuwa na mikono, benchi na mwalimu mkubwa, na bado asifike, kama njia ya kupandia haikujengwa. Baltimore inalijua hilo vizuri kuliko mji wowote. Vivien Thomas, aliyezaliwa 1910 na kukulia Nashville, alikuwa fundi seremala kijana anayeweka akiba ili asome udaktari.  Mwaka 1930 akaajiriwa maabara na daktari wa upasuaji Alfred Blalock katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Mwaka huohuo mabenki yalipoanguka katika mdororo ule mkubwa wa uchumi, akiba yake ikaondoka nayo, naye akabaki maabara, akawa anafanya kazi ya mtafiti huku kwenye orodha ya mishahara ameandikwa mfanya usafi. Mwaka 1941 Blalock alipohamia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins hapa Baltimore alikuja naye. Thomas ndiye aliyeujaribu kwa mbwa, mara nyingi, upasuaji wa kuwaokoa watoto wanaozaliwa na kasoro ya moyo inayowafanya wawe na rangi ya buluu, tatizo ambalo Dakta Helen Taussig alikuwa amelileta mezani. Tarehe 29 Novemba 1944 mtoto wa kwanza, Eileen Saxon, alipolazwa mezani, Thomas alisimama kwenye kigoda nyuma ya Blalock akimwelekeza. Upasuaji huo ukaitwa kwa majina ya Blalock na Taussig. Thomas alifundisha kizazi kizima cha madaktari wa upasuaji wa moyo, na shahada yake ya kwanza kabisa, ya heshima, alipewa mwaka 1976, akiwa na miaka zaidi ya sitini.

Nampa kila mwanafunzi wangu habari ya mtu huyu katika juma la kwanza, na nawaambia waisome kwa hasira kidogo. Watu hupenda kuisimulia kama habari ya uvumilivu. Mimi naiona kama hasara: tulipata upasuaji mmoja kutoka kwa mtu ambaye angeweza kuwa na maabara yake mwenyewe kwa miaka thelathini.

Sasa, njia hujengwaje? Jibu ninaloliamini kuliko yote lilitoka kwenye hesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kijana mmoja wa hesabu pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Uri Treisman, alitaka kujua kwa nini wanafunzi Weusi wengi wanaanguka somo la kalkulasi, ambalo ndilo mlango wa sayansi zote. Aliwauliza walimu wenzake. Wakamwambia ni motisha, ni umaskini, ni maandalizi ya sekondari, ni wazazi wasiojali. Akaamua kwenda kukaa na wanafunzi wenyewe, Weusi na wenye asili ya Kichina, akawafuata hadi wanakosomea. Yale ya walimu hayakusimama. Wanafunzi Weusi walikuwa wanasoma kwa bidii, saa zilezile walizoambiwa na mwalimu, lakini kila mmoja peke yake, chumbani kwake. Wale wa Kichina walikaa pamoja jioni, wakalinganisha majibu, wakakosoana, wakaulizana maswali ya mitihani ya nyuma. Mwanafunzi anayesoma peke yake akikwama, anadhani amekwama kwa sababu ya yeye alivyo. Anayesoma na wenzake anaona wote wamekwama pale pale, na kwamba swali lenyewe ndilo gumu. Treisman akaanzisha vikundi vya kusoma pamoja, akawapa maswali magumu kuliko ya darasani, hakuwapa masomo ya kujazia mapengo. Waliojiunga wakaanza kufaulu.

Hili linagusa familia zetu moja kwa moja. Sisi tunawalea watoto wasiombe msaada kwa watu baki. Mtoto wa mhamiaji anajua kwamba aibu yake ni ya ukoo mzima, basi akipata C ya kemia anaificha, na akiificha hakuna wa kumshika mkono.

Nje kidogo ya mji wa Baltimore kuna chuo kiitwacho UMBC, yaani Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, na hapo ndipo njia iliyojengwa kikamilifu inapoonekana. Mwaka 1988 Robert na Jane Meyerhoff walitoa dola 500,000, na Freeman Hrabowski, mwanahesabu aliyekuja kuwa rais wa chuo hicho kuanzia 1992 hadi 2022, akaanzisha programu ya ufadhili iitwayo Meyerhoff Scholars. Hrabowski alizaliwa Birmingham, Alabama, na akiwa na miaka 12 alifungwa jela kwa kuandamana na watoto wenzake mwaka 1963 kudai shule bora. Kundi la kwanza, 1989, lilikuwa la vijana 19 wa kiume, wote Weusi. Mwaka uliofuata wakaingizwa wasichana. Mahakama ya rufaa ilipobatilisha mwaka 1994 ufadhili wa Weusi pekee katika chuo kingine cha jimbo hili, Meyerhoff ikafungua milango mwaka 1996 kwa yeyote anayejali kuongeza uwakilishi kwenye sayansi, wa rangi yoyote. Haikufa kwa hilo.

Wanafunzi wanaingia kiangazi kabla ya mwaka wa kwanza, wanakaa pamoja majuma sita, wanasoma pamoja, wanakula pamoja. Kusoma kwa vikundi ni jambo linalotarajiwa kwa kila mmoja. Aliyepata C kwenye somo la msingi anashauriwa alirudie, kwa sababu kemia ya mwaka wa pili inakaa juu ya ile ya mwaka wa kwanza. Wanaingizwa maabara mapema, na wazazi wana jumuiya yao, jambo ambalo programu nyingine hulisahau kabisa. Katika hesabu za programu yenyewe, waliojiunga wana uwezekano wa zaidi ya mara 5 kuendelea na uzamivu wa sayansi kuliko wale walioalikwa wakakataa na kwenda vyuo vingine. Kipimo hicho nakipenda kwa sababu kinalinganisha vijana wa uwezo uleule. Chuo Kikuu cha North Carolina pale Chapel Hill na Penn State wakaichukua namna hiyo ya kazi kuanzia 2013, na matokeo yakafanana. Kwa hiyo haikuwa baraka ya mtu mmoja mwenye haiba. Inaweza kuhamishwa, mradi chuo kikubali kulipa gharama na kubadili tabia zake.

Kizzmekia Corbett alipita humo. Akiwa sekondari North Carolina alishafanya kazi kiangazi kwenye maabara za chuo. Akaingia Meyerhoff, akamaliza UMBC mwaka 2008, na akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza alifanya kazi NIH katika maabara ya Barney Graham. Akapata uzamivu Chapel Hill mwaka 2014, akarudi kwa Graham kama mtafiti, akashughulika na protini ya virusi vya korona miaka kadhaa kabla dunia haijajua kwa nini. Chanjo waliyoisanifu pamoja na kampuni ya Moderna iliingia kwenye mkono wa mtu wa kwanza katika majaribio tarehe 16 Machi 2020. Watu wanaona mwaka 2020. Mimi naona yule mwanafunzi ambaye mtu alimfungulia mlango wa maabara zaidi ya miaka kumi kabla, na mlango ukabaki wazi aliporudi.

Yako mambo ambayo maabara huyachelewa kwa kukosa watu. Wakati wa korona kila nyumba ilinunua kile kipimo kidogo cha oksijeni kinachobana kidole. Desemba 2020 madaktari wa Michigan walichapisha hesabu zao: kwa wagonjwa Weusi kipimo hicho kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara 3 zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Tatizo la rangi ya ngozi na kifaa hicho lilikuwa limeshaandikwa kwenye majarida miaka mingi kabla, likakaa tu. Kila mtafiti huuliza kwanza yale yaliyomgusa yeye na mama yake.

Mwaka 2025 NIH ilitangaza kuzifunga programu kadhaa za mafunzo haya, MARC ikiwemo. Sina maneno laini ya kulisemea. Vijana waliokuwa katikati ya njia waliambiwa posho inakoma, na walimu waliotumia miaka ishirini kujenga vikundi hivyo walitumiwa barua pepe. Inaniuma, na nimeona wanafunzi wazuri wakirudi kwenye kazi za usiku. Lakini pia nimeona jinsi yale ya Treisman na Hrabowski yanavyoweza kufanywa na wachache wenye nia. Maabara moja inaweza kumlipa mwanafunzi mmoja kutoka kwenye fedha zake za utafiti badala ya kumwita mtu wa kujitolea. Wanafunzi watano wanaweza kukaa Alhamisi jioni na makala moja ya jarida, kila mmoja akilazimika kutaja kwa sauti sehemu moja asiyoielewa kabla ya kusema anayoielewa. Tunafanya hivyo kwetu, na wa kwanza kutaja huwa mimi.

Kwa wazazi na vijana wanaosoma hapa, yapo ya kufanya sasa hivi. Mafunzo ya kiangazi ya majuma kumi, yenye posho na mara nyingi malazi, bado yapo kwenye vyuo vingi, na maombi yake hufungwa kati ya Desemba na Februari, wakati wengi hawajaanza hata kufikiria kiangazi. Yanayotumia fedha za serikali kuu mara nyingi hudai uraia au ukaazi wa kudumu. Mwenye visa ya mwanafunzi asikate tamaa, kwa sababu vyuo vingi hupokea wageni kwenye uzamivu wenyewe na kuwalipa sawa na wengine. Majuma kumi peke yake ni machache, kwa hiyo mwombaji atafute pia maabara ya chuo chake ya kukaa mwaka mzima. Aliyemaliza shahada bila kuwahi kuingia maabara naye hajachelewa: zipo nafasi za mwaka mmoja au miwili za kufanya utafiti kwa malipo baada ya shahada ya kwanza, na NIH yenyewe kule Bethesda imekuwa ikizitoa kwa muda mrefu. Ada ya kutuma maombi ya uzamivu inaweza kusamehewa ukiomba. Usaili hufanyika Januari na Februari, chuo kwa kawaida ndicho kinacholipa safari, na aliyepewa nafasi kwa kawaida hutoa jibu lake la mwisho kufikia tarehe 15 Aprili.

Kwa aliye mwaka wa kwanza au wa pili, kazi ya wiki hii ni barua pepe moja. Achague profesa ambaye amesoma walau makala yake moja, hata kama ameelewa nusu. Aandike aya mbili: ya kwanza itaje kitu kimoja kutoka kwenye makala hiyo na swali alilobaki nalo, ya pili iseme anaweza kuja saa ngapi kwa wiki, na iulize bila aibu kama kuna nafasi ya kulipwa. Asiandike historia ya maisha yake, wala asitume ujumbe mmoja kwa maprofesa thelathini. Asipojibiwa ndani ya siku kumi, aandike tena kwa adabu. Akinyamaziwa mara ya pili, aende mlangoni kwake saa za wanafunzi, abishe hodi, na swali lake liwe mkononi.